Kila Mtunzi, Wimbo Mmoja

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mutembei amenipigia simu. Yeye mwenyewe! Tangu awe mwalimu wa kwaya kubwa ya Bukoba mjini, sisi wa Nshamba tunapata habari zake kwa kuambiwa na watu. Anasema sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa waimbaji, kwaya za Bukoba na Muleba zitaungana kwa tamasha la watunzi wakubwa. Bach, Mozart, Handel na wenzao, halafu watunzi wa kwetu. Sharti ni moja: kila mtunzi, wimbo mmoja. Ule ambao mtu akiusikia tu anasema, huyu ndiye. Anataka niingie kwenye kamati ya kuchagua.

Kwa nini mimi? Nimeliwaza hilo tangu chai ya asubuhi hadi mchana. Mtu hakuiti nyumbani kwake hivihivi kama hana gunia la kukubebesha.

Nimekubali, lakini macho wazi. Wimbo wangu unajulikana: "Utukufu wa Pande Nne". Besi wanaanza, tenor wanafuata, kisha alto, kisha soprano, na mwishoni wote wanakutana. Nimeuhangaikia miaka. Kwaya yetu ya kigango haiuwezi, na wananiambia hivyo usoni bila aibu. Haujaimbwa popote. Nikiusikia mara moja tu kwa kwaya kubwa, Mungu anichukue. Nimemwambia hivyo mke wangu, Klaudia. Akasema Mungu asubiri kwanza nimalize kupalilia migomba.

Jumatano, 5 Novemba

Kikao cha kamati, Bukoba. Tuko wanne: Mutembei, mzee Ndyamukama wa besi, mimi, na shemeji yangu Jovina, mdogo wake Klaudia, ambaye ni katibu. Nitalala kwake, mtaa wa Nshambya, hapahapa mjini.

Tukaanza na Mozart. Jovina akataka ule wa taratibu unaoliza watu misibani. Mutembei akataka ule ambao soprano wanapanda hadi mishipa ya shingo inaonekana. Mzee Ndyamukama akasema yeyote achaguliwe, mradi kurasa ziwe chache, waitu jamani, mguu wake hausimami muda mrefu. Ukapita wa Jovina. Bach akatula muda mpaka chai ikapoa. Handel akaahirishwa, kila mmoja alete nota anazozijua.

Likafika jina langu, Nathanieli Kahigi. Mutembei hata hakuinua kichwa. Akasema, "Leteni Mikungu". Wote wakaitikia ndiyo!

"Leteni Mikungu"! Nilikitunga nikimenya ndizi, maji ya kupikia yakiwa bado hayajachemka. Ni kiwimbo cha sikukuu ya mavuno, akina mama wakipeleka mikungu ya ndizi altareni. Kinaimbwa kila mahali, mpaka harusini. Nikataja "Utukufu wa Pande Nne". Mutembei akasema, kwa upole mwingi, kwamba sharti ni sharti, na anayesikia "Leteni Mikungu" anamjua Kahigi papo hapo.

Upole mwingi! Hapo ndipo nilipoona mtego. Anataka nikifa niitwe yule wa ndizi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata njia. Nimeunakili "Utukufu" upya, kwa mwandiko uliolala. Kwenye kona ya juu, mahali pa jina la mtunzi, nimeandika G. F. Handel.

Si wizi. Mwizi huchukua, mimi nimempa. Kamati itauchagua, maana Mutembei akiona jina la Mzungu wa zamani hupiga magoti. Kwaya itauimba. Watu watalia. Ndipo nitasimama na kusema: ni mimi! Nitakuwa na nyimbo mbili mahali ambapo Bach ana mmoja.

Nikaenda kutoa nakala mtaa wa Bakoba, dukani kwa Farida. Huyu babu yake alitoka pwani, na anasoma kila karatasi inayopita mkononi mwake. Akafika kwenye ubeti wa pili, "Ndege wa angani na senene wa Novemba, msifuni". Akauliza, kumbe na huko kwa kina Handel kuna senene, panzi hawa wa kukaanga wa huku? Nikamwambia hiyo ni tafsiri. Akasema sawa. Sawa yake haikunipendeza. Nani anamtuma huyu?

Jumapili, 9 Novemba

Kamati, baada ya Misa. Mutembei akausoma "Utukufu" polepole, midomo ikicheza. Mimi jasho.

Mzee Ndyamukama akaupenda mara moja, kwa sababu besi wanaanza. Akasema huyu Handel alikuwa mtu wa watu, Wazungu wengine wote wamewasahau senene. Jovina naye akaandika kumbukumbu bila kusita. Hakuna aliyeshangaa! Na kweli, Mhaya gani atashangaa kusikia senene wanamsifu Mungu?

Umepita. Ndio wimbo wa Handel. Mutembei akaikunja karatasi, akaniangalia, akatabasamu. Nimelifikiria tabasamu hilo njia nzima hadi Nshambya na bado sijalielewa.

Alhamisi, 13 Novemba

Mazoezi. Alto walipotea ukurasa wa pili wakarudi wa nne. Mutembei akapendekeza tuukate mwisho, akisema hata wakubwa huchoka wakati mwingine.

Nikasimama. Nikasema Handel hakuteseka miaka yote ile, jembe mkono mmoja na kalamu mkono mwingine, ili mtu aje kumkata miguu. Jovina akauliza, kumbe Handel alikuwa analima? Nikamjibu kila mtu analima kwa namna yake. Mutembei akaurudisha ukurasa palepale bila ubishi. Kirahisi hivyo? Nani anakubali kushindwa kirahisi hivyo?

Jioni ilipoingia senene wakashuka kwenye taa za nje. Mama wee! Soprano wote nje na ndoo, alto nje, Mutembei mwenyewe nje na kofia yake. Mazoezi yakafa. Mimi nilibaki ndani kulinda nota, kwa sababu vurugu kama hizo ndizo watu huzitumia.

Jumanne, 18 Novemba

Jovina anamenya ndizi huku anaimba "Utukufu". Anasema Handel amemwingia moyoni, haimbi kingine. Nilipaswa kufurahi. Nimekosa hata hamu ya kula. Ninamwonea wivu mtu aliyekufa zamani, na kwa wimbo wangu mwenyewe!

Nikampigia Klaudia nikamweleza yote. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akauliza, Baba Alinda, kwa nini usimwombe tu Mutembei auimbe kwa jina lako? Klaudia ana moyo safi sana. Ndiyo maana anauziwa nyanya mbovu.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku yenyewe. Ukumbi ulijaa. Klaudia alifika kutoka Nshamba na kitenge kipya. Mimi nilisimama ukutani, mahali pa kuwaona wote.

Mozart, Bach, kisha Handel. Besi wakaanza. Nikamkazia macho Mutembei, asije akaukata njiani. Hakuukata. Nikamtazama Farida, anamnong'oneza jirani yake. Anamwambia nini? Nikamtazama mzee Ndyamukama, anafunua ukurasa mapema. Kwa nini mapema? Nikarudi kwa Mutembei. Mkono wake ukashuka, watu wakapiga makofi, na wimbo ukawa umekwisha.

Sikuusikia. Miaka yote ile, na sikusikia hata sauti moja.

Kisha ikaja "Leteni Mikungu". Ukumbi wote ukasimama. Akina mama wakacheza, Klaudia mbele na mkungu kichwani. Wakaita, Kahigi! Kahigi! Paroko akanipa kipaza sauti. Nikasema, ndugu zangu, Handel ni mimi.

Paroko akanishika bega, akasema kweli, katika muziki sote tu kitu kimoja. Mama mmoja wa alto akauliza kama nimekula tangu asubuhi. Jovina alijifunika uso kwa karatasi ya ratiba.

Jumapili, 23 Novemba

Mutembei amekuja Nshambya baada ya Misa na senene wa kukaanga. Akaketi. Akasema alinijua tangu siku ile ya kamati, kwa wale senene. Sharti lile alilitunga mwenyewe, hakuweza kulivunja mbele ya wajumbe. Lakini alipouona wimbo akauonea huruma kukaa sandukuni, akaamua Handel aubebe hadi jukwaani. Pale alipotaka kuukata, alikuwa ananipima kama nitautetea. Akauliza, mwalimu, sasa umeusikiaje?

Klaudia akaniangalia. Nilitaka kulia. Nikasema ulikuwa mzuri.

Akaniomba mwingine, wa Pasaka. Kwa jina langu mwenyewe, safari hii hakuna sharti. Akaaga kwa heshima akaenda zake. Klaudia akasema mtu mwema huyo, mshukuru Mungu.

Nimekaa mchana kutwa nikiyapima maneno yake. Mtu anajua siri yako wiki mbili na anakaa kimya. Anakuletea senene, tena waliotolewa mabawa vizuri. Halafu anataka jina langu, langu kabisa, juu ya wimbo ambao hata hajauona! Nimemwelewa. Wimbo ukianguka, nianguke nao mbele ya Bukoba nzima. Lo, nusura!

Basi wa Pasaka nimeshauanza. Juu kwenye kona nimeandika W. A. Mozart, kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa kwanza. Na safari hii hawanipati, kwa sababu senene nimewaondoa wote. Mahali pao nimeweka migomba, mmea unaojulikana dunia nzima.