Zamu ya Mwavuli wa Gopinath

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema. Wakili wangu, Bwana Bichitrananda Jena, amepiga simu kusema kesi zetu zote zitasikilizwa keshokutwa Mahakama Kuu. Ya madai na zile mbili za jinai, pamoja, mbele ya jaji mmoja. Nikamshukuru. Nikamweleza pia namna ya kujenga hoja. Akakata simu. Mtandao wa mji huu wa Cuttack mbovu sana.

Kwa faida ya vizazi vitakavyosoma shajara hii, nieleze kisa. Ukoo wetu wa Behura una hekalu lake dogo hapa mtaani. Kila sikukuu ya Dola mungu wetu Gopinath hutolewa nje, akapandishwa kwenye machela, akazungushwa mtaa mzima. Kando yake hutembea mtu mmoja akimkinga jua kwa mwavuli mkubwa mwekundu wenye vishada vya fedha. Mtu huyo huonekana kwenye picha zote. Kazi hiyo ni ya watu wawili kwa zamu: mimi, Natabar Behura, karani mstaafu wa posta, na Dibakar, mtoto wa baba yangu mkubwa. Mwaka wangu, mwaka wake.

Ule mwaka wa ugonjwa wa mlipuko, maandamano yalipigwa marufuku. Zamu ilikuwa ya Dibakar. Mimi nasema zamu yake ilipita. Yeye anasema zamu haiwezi kupita wakati mwavuli haukufunguliwa. Hata mtoto wa chekechea angeona haki iko kwa nani. Mahakama ya chini haikuona. Nikakata rufaa mahakama ya wilaya. Nayo haikuona. Nchi hii ina upungufu mkubwa wa miwani.

Hiyo ndiyo ya madai. Za jinai ni fupi. Dola ya mwaka jana tuligombea mwavuli mlangoni mwa hekalu, mpini ukavunjika, kipande kikanipiga shingoni. Nikamshtaki kwa kunijeruhi. Naye, kwa roho mbaya tu, akanishtaki kwa kuvuruga ibada. Yuko nje kwa dhamana. Mimi pia niko nje kwa dhamana, ila yangu ni ya heshima. Mwavuli wenyewe uko kituo cha polisi, umefungwa kikaratasi: kielelezo.

Dola ni Ijumaa ya wiki ijayo. Gopinath hana mwavuli.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa leo: shingo.

Shingo yangu ilipona mwaka jana jioni ileile, jambo ambalo halina uzito wowote kisheria. Jaji anahitaji kuona maumivu. Nimemwendea jirani Sarbeswar, aliyeanguka na pikipiki, nikaazima kwake ile kola nyeupe ya kushikilia shingo. Akauliza yeye atalala vipi. Nikamshauri alale chali.

Nimeivaa wakati wa chakula ili niizoee. Mke wangu Kumudini alinitazama, akaendelea kugawa wali. Nimegundua kwamba ukivaa kola huoni sahani yako. Nimekula samaki wa Kumudini bila kukusudia. Alisema shingo haina tatizo, tatizo liko juu yake kidogo. Wanawake wa ukoo huu hawajui mambo ya ushahidi. Yeye na mke wa Dibakar wamekataa katakata kugombana, wanapelekeana bakuli za mboga kupitia uani kama watu wasio na kesi. Nimemwambia mara nyingi kwamba hizo bakuli zinadhoofisha msimamo wetu.

Jumatano, 5 Machi

Bajaji zote zimegoma. Saa tatu kasoro nilikuwa barabarani nimevaa kola, jalada kwapani, nikipungia magari yanayonipita. Skuta ikasimama. Dibakar.

"Panda, Nata," akasema.

Nikamweleza kwamba mlalamikaji hawezi kupanda chombo cha mshtakiwa.

"Basi tembea. Jaji akiuliza uko wapi, nitamwambia uko njiani, wewe na shingo yako."

Nikapanda. Nilikaa kwa nyuma kabisa ili ionekane tumetengana. Kwenye kila tuta alipunguza mwendo, akaniuliza kama naumia. Ujanja mtupu wa kutafuta huruma ya mahakama.

Bwana Jena alikuwa getini. Alituona tukiingia, mimi nimemshika mshtakiwa wangu kiunoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliuliza kama tumekuja kushtakiana au kutembea.

Tukakaa ndani mchana kutwa. Ziliitwa kesi za mashamba, za urithi, za mtu aliyefukuzwa kazi, za mtu aliyedaiwa kuua. Ilipobaki kesi moja kufika yetu, mahakama ikaahirishwa hadi Jumatatu. Wakili wa Dibakar alisema ndivyo ilivyo. Bwana Jena alisema ndivyo ilivyo. Mawakili huwa hawapingani pale unapowahitaji wapingane.

Nimerudi na skuta ileile. Mgomo ulikuwa unaendelea, kwa hiyo sina lawama. Njiani Dibakar alisimama kula dahibara, vile vitumbua vya dengu kwenye mtindi. Nami nikala. Kila mmoja alikula ameelekea upande wake.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya, bora kuliko wa kola. Shahidi! Bhramar, mpiga ngoma, amepiga kila Dola tangu ujana wake. Nimemwita, nikamkalisha barazani, nikamfundisha la kusema: kwamba mwaka wa ugonjwa alimwona Dibakar nyumbani kwake akifungua mwavuli kwa siri, hivyo zamu yake ikatumika. Bhramar akauliza yeye alikuwa anafanya nini nyumbani kwa Dibakar wakati watu wote walifungiwa ndani. Swali zuri. Nikamwambia ajibu kwamba alikuwa anapita tu. Akauliza kama atashtakiwa kwa kupita.

Nilimpigia Bwana Jena kumpa habari hizo za ushindi. Akanieleza, polepole, kama anayemnywesha mgonjwa uji, kwamba rufaa ya aina hii haipokei mashahidi wapya. Jaji anaangalia sheria tu. Halafu akaniomba nisimweleze lolote zaidi kuhusu Bhramar, kwa faida yangu na kwa faida ya leseni yake.

Alasiri akaja Itishree, binti wa Dibakar. Ana chhena poda mkononi, keki ya jibini, bado ya moto, ameioka mwenyewe. Aliingia moja kwa moja, akakaa chini kama alivyozoea tangu utotoni. Nilidhani ametumwa. Hakutumwa. Alisema kuna familia kutoka mji wa Balasore imekuja kumposa. Watu wazuri, kijana ni mwalimu. Wameuliza kama ni kweli baba yake ana kesi ya jinai.

Nikamuuliza aliwajibu nini.

"Niliwaambia ukweli, baba mdogo. Nikawaambia na aliyemshtaki ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli."

Tangu siku hiyo hawajapiga simu.

Nikamwambia sheria ni sheria. Akaitikia kwa kichwa. Hakuniomba chochote, jambo ambalo si haki, maana angeomba ningekataa na mambo yangeisha. Aliosha vyombo, akaondoka.

Chhena poda ilikuwa nzuri. Nimeila yote isije ikawa kielelezo.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika haya nikiwa sijatulia.

Jaji ni mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alikuwa amesoma jalada, jambo lililotushtua wote. Bwana Jena alianza vizuri sana: je, zamu isiyotendeka ni zamu? Je, haki isipotumiwa inakufa au inalala? Nilitamani kupiga makofi. Jaji akamsikiliza, kisha akauliza kama Gopinath mwenyewe ametoa maelekezo yoyote. Bwana Jena akasema hana maelekezo kutoka upande huo.

Jaji akanitaka nisimame. Nikasimama kwa uchungu, kola shingoni. Akauliza hali ya shingo. Nikasema haigeuki, Mheshimiwa, mwaka mzima sasa haigeuki.

"Pole sana. Bwana Behura, kuna mama hapo nyuma yako. Mwanawe yuko mahabusu tangu mwaka juzi, anaomba dhamana. Kesi yake iko chini ya yako kwenye orodha. Anangoja mwavuli wako uishe."

Nikageuka kumtazama. Nani asingegeuka? Alikuwa mama mwembamba, amekumbatia mfuko wa plastiki wenye shati lililokunjwa. Shati la kiume, jipya. Nilimtazama mpaka nikasikia watu wanacheka, ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimegeuza shingo yote, hadi begani.

"Naona imepona," Jaji akasema. "Mahakama inakupongeza."

Wakili wa Dibakar alikuwa anacheka kwa ndani, mabega yakimtikisika. Dibakar hakucheka. Jaji akamgeukia yeye, akamuuliza mara ya mwisho kukaa na mimi kama ndugu ilikuwa lini.

Dibakar alifikiri. Akasema ni siku mama yake alipofariki. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, wabebaji hawakuja. "Nata ndiye aliyebeba kuni za kuuchomea mwili wa mama yangu, Mheshimiwa. Kichwani, mpaka mtoni. Aliziwekea koti lake zisilowe."

Hakuna aliyemuuliza habari za kuni. Zilikuwa nje kabisa ya hoja. Nilimtazama Bwana Jena aweke pingamizi, naye akawa anatafuta kitu kwenye jalada, kitu ambacho ni dhahiri hakikuwemo.

Jaji akasema tukikubaliana, atazifuta kesi zote mbili za jinai leo hii, jina la kila mmoja litoke likiwa safi. Nikauliza haki yangu ya zamu itakuwaje. Akaniuliza nataka haki au nataka mwavuli. Nikasema vyote. Mama mwenye shati alikohoa. Kidogo tu.

Nikatia saini. Kalamu ilikuwa imeshafunguliwa.

Amri ni hii. Kesi za jinai zimefutwa. Polisi waachie mwavuli. Mwaka huu tuushike wote wawili kwa pamoja, mwakani Dibakar kwa kuwa ndiye mkubwa, halafu mimi, na kadhalika. Na kwa kuipotezea mahakama muda, kila mmoja apande miarobaini mitano kwenye tuta la mto Mahanadi na kuitunza mwenyewe, kwa mikono yake.

Mimi na Dibakar tulipokuwa tunatoka, mama yule alikuwa ameitwa mbele. Tulisimama mlangoni. Akapewa dhamana ya mwanawe. Dibakar akasema twende. Nikamwambia naja.

Kola nimemrudishia Sarbeswar. Amesema imelegea.

Ijumaa, 14 Machi

Dola.

Mwavuli ulitoka kituoni na kikaratasi chake bado kinaning'inia kati ya vishada. Mpini umefungwa gundi na kamba. Dibakar ni mrefu, mimi ni wa kimo cha wastani wa chini. Tulipouinua, upande wake ukapanda na wangu ukashuka, Gopinath akapigwa jua la uso kuanzia hekaluni hadi kona ya soko. Watu walipiga kelele tusawazishe. Nikamwambia Dibakar apige magoti kidogo. Akaniambia nivae viatu virefu. Bhramar alipiga ngoma kwa nguvu ili tusisikike, lakini tulisikika.

Wale watu wa Balasore walikuwepo. Walipigiwa simu na Itishree jioni ileile ya hukumu, wakaja kuona sikukuu. Mama wa kijana aliuliza wazee wawili wanaogombana chini ya mwavuli ni akina nani. Kumudini ananiambia Itishree alijibu, "Yule mrefu ni baba, yule mwingine ni baba mdogo," na yule mama akasema nyumbani kwao pia wapo wa namna hiyo. Harusi itakuwa baada ya mvua.

Tulipofika tena hekaluni Dibakar alinipaka unga mwekundu kipaji cha uso, taratibu, kama tulivyofanya tukiwa wadogo. Nami nikampaka. Mwingi ulimwingia machoni. Haikuwa makusudi yote.

Picha zimetoka. Kwenye kila moja nimefunikwa uso na vishada. Nimekuwa mwema siku nzima na sina uthibitisho.

Jumamosi, 29 Machi

Nimegundua jambo zito.

Miarobaini yangu inastawi kupita kiasi. Majani mabichi, udongo una maji kila ninapofika, nami, kwa ajili ya joto hili, nimekuwa nikifika mara chache sana. Nilishuku. Leo nimeamka mapema, nikajificha nyuma ya kibanda cha chai kule kwenye tuta. Jua lilipotoka tu, akaja Dibakar na ndoo mbili. Akamwagilia miti yake. Kisha, bila haya, akahamia kwenye yangu. Aliimwagilia mmoja baada ya mwingine. Mmoja uliokuwa umeinama aliuwekea kijiti.

Nilikaa pale muda mrefu baada ya yeye kuondoka.

Halafu akili ikanijia. Amri ilisema kila mmoja aitunze mwenyewe, kwa mikono yake! Dibakar ametunza miti isiyo yake. Huku ni kudharau Mahakama Kuu, mchana kweupe, kwa ndoo mbili. Na kile kijiti ni ushahidi usiopingika. Nimekipiga picha pande zote.

Kumudini nimemweleza. Amejifunika shuka usoni.

Nimeshaandika maombi, kurasa tisa, na nitayapeleka Jumatatu. Jioni Dibakar alipita barazani, akasema naye ana shughuli upande wa mahakamani siku hiyo, basi twende wote. Nikakubali. Akauliza safari hii namshtaki nani.

Nikamwambia atajua tukifika.