Keki Haikuonekana Karakanani

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mwenye subira. Mimi ni mkalimani wa karakana yako ya viti. Nimepiga moyo konde kukuandikia kwa sababu meneja mpya, yule mgeni, amenionya: nikikosea tafsiri mara moja tena, unga wangu umemwagika. Nina watoto wanne, na randa sijui kuishika.

Lakini kosa si langu. Kiingereza ndicho kinachosema uongo. Ushahidi huu hapa:

1. Jumatatu meneja aliwaambia mafundi kwamba viti arobaini ni kipande cha keki. Nikatafsiri neno kwa neno. Mafundi wakaweka randa chini, wakanawa mikono, wakasubiri keki hadi saa kumi. Kumbe alimaanisha kazi ni rahisi! Sasa keki imeingiaje?

2. Jumatano dada wa vanishi alikuwa anakwenda kwenye mtihani wa udereva. Meneja, huku anatabasamu, akamwambia avunje mguu. Sikuongeza chumvi, nikamwambia avunje mguu. Alilia. Mchana kaka zake watatu wakaja kumuuliza meneja ni mguu upi. Eti alikuwa anamtakia heri!

3. Hili ndilo lililonimaliza. Ijumaa, mbele ya mteja mkubwa, meneja alininong'oneza kwamba ana miguu baridi. Nani angenyamaza? Nilipiga magoti, nikamvua viatu, nikamvisha soksi zangu za sufu. Kumbe alikuwa anaogopa kusaini mkataba. Mteja aliondoka bila kuaga.

Ndugu Mkurugenzi, Kiswahili chetu kimenyooka. Tunasema tunachomaanisha, basi. Naomba kwa unyenyekevu Kiingereza kipewe miezi mitatu kijirekebishe. Kikishindwa, kifukuzwe kazi badala yangu, na meneja ajifunze lugha ya watu wakweli.

Wasalimie wote nyumbani, karani wako, na hata mlinzi wa getini anayejifanya hanijui.

Mtiifu wako ambaye hajawahi kupotosha hata nukta,
Mkalimani

Tanbihi: Meneja ameanza Kiswahili kweli. Jana nilimsihi, polepole, asimwage unga wangu. Leo asubuhi amenijia na kilo tano za unga ndani ya ndoo yenye kifuniko, kaifunga kwa kamba mbili, akaapa kwamba maadamu yeye yupo hautamwagika hata chembe. Nilicheka mpaka machozi. Nimeisoma tena barua hii, nikakuta nimepiga moyo konde bila kumgusa mtu, na chumvi nimeitaja mahali pasipo na chungu. Tafadhali ichane. Tumekubaliana tufundishane kila siku saa nne. Kesho tunaanza na habari za fundi mkuu, ambaye amepata jiko. Meneja ameshauliza kama ni la gesi.