Fickle, Yaani Mtu wa Fikra

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimesifiwa kwa Kiingereza! Nilikuwa nyuma ya rafu za stoo, nikipanga upya makopo ya rangi. Ijumaa niliyapanga kwa rangi, Jumamosi kwa ukubwa, leo kwa herufi. Lazima twende na wakati. Mama Meneja hakuniona. Alikuwa kwenye simu, nikamsikia wazi akinitaja na kusema kwamba karani wake huyu wa stoo ni fickle, tena very fickle. Sikuhitaji kamusi. Neno linajieleza: fickle, fikiri, fikra. Wazungu nao wanakopa kwetu!

Na nafasi ya msimamizi wa stoo iko wazi. Meza yako mwenyewe, kiti cha kuzunguka, ufunguo shingoni. Naitaka mpaka naiota usiku. Mama mkwe, ambaye tangu harusi ananiita "yule", atalazimika kunitafutia jina.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika barua ya maombi. Sentensi ya kwanza: I am fickle since childhood. Ya pili: Even my wife knows. Nimeisoma mara tisa. Tamu!

Kwa furaha nimebadilisha mpango wa stoo: makopo mazito juu, mepesi chini. Karani mwenzangu, tunayemwita Kalamu Nne kwa zile zilizojipanga mfukoni mwake, akauliza rangi ya bluu iko wapi. Naye anakitaka cheo. Nikamwambia afikiri. Ametafuta saa nzima. Maskini, hana hata chembe ya fickle.

Jumatano, 5 Machi
Kalamu Nne kaomba kuona barua. Amecheka mpaka kalamu moja ikadondoka. Akasema niipeleke upesi, ila niongeze extremely. Kumbe ana roho nzuri! Nimeongeza, nimepeleka.

Nikampigia mke wangu simu, nikamwambia ampe mama yake habari kwamba cheo kimeshapatikana. Jibu limerudi: mama mkwe atakuja Ijumaa kunitazama nikiwa kwenye kiti.

Alhamisi, 6 Machi
Usaili. Mama Meneja alisoma barua, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akauliza kama kweli haya ni maneno yangu. Nikasema ndiyo, na stoo nzima ni shahidi. Akauliza nitawaongozaje wenzangu. Nikasema kwa fickle asubuhi na fickle jioni, hadi niwaambukize wote. Akafunika uso kwa barua, mabega yakitikisika. Nadhani nilimgusa moyo.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Kalamu Nne kapewa cheo!

Mama mkwe amefika saa nne, akanikuta juu ya ngazi nashusha makopo mazito, na Kalamu Nne anazunguka kwenye kiti changu. Nilikuwa nimesahau kitu kimoja tu: mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Mama Meneja kamwonyesha barua. Akasoma yote, akaniambia taratibu kwamba fickle ni kigeugeu, mtu wa leo hivi kesho vile. Akaongeza kwamba ni mara ya kwanza mimi na yeye kukubaliana kuhusu tabia yangu.

Ameniaga mbele ya watu wote kwa jina langu jipya: Kigeugeu. Machozi yalinilengalenga. Niliona aibu kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeapa. Sibadiliki tena! Makopo nimeyarudisha kwa herufi, na yatakaa hivyo hadi nizeeke. Na Kiingereza nisichokijua sikigusi.

Saa sita mchana. Nimeyapanga kwa ukubwa. Yanapendeza zaidi.

Ila nikiwa huko nimeligundua dumu moja la thina, ile ya kuzimulia rangi, ambalo Mama Meneja hulifungia peke yake kwenye kabati la wavu wa chuma. Kitu cha hovyo hakifungiwi! Limeandikwa kwa herufi nyekundu, chini ya picha ya mlipuko: HIGHLY VOLATILE. Highly ni juu sana, hilo nina hakika, na volatile, kwa picha ile, lazima ni mtu wa moto. Na mwezi ujao wanatafuta msimamizi wa tawi jipya.

Barua iko tayari: I am highly volatile, especially at work. Kalamu Nne ameisoma huku akifuta machozi, akasema nisibadilishe hata nukta. Na safari hii, wallahi, sibadilishi.