Binamu na Kitufe cha Kuuliza

Jumatatu, 4 Machi
Binamu amenizidi tena. Katika chumba chetu tunachapa mitihani ya shule, na kila mtihani unaanza na kichwa kilekile: jina la shule, somo, muda, nafasi ya jina la mwanafunzi. Miaka kumi na mmoja nakiandika herufi kwa herufi. Leo binamu kabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kichwa kizima kikatokea chenyewe. Mkurugenzi alikuwa nyuma yake. Akasema hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Alisema akinitazama mimi.

Ijumaa anatangaza msimamizi mpya wa chumba. Nafasi ni yangu. Huyo binamu, mtoto wa shangazi, kazi nilimwombea mimi mwenyewe. Sasa akipiga chafya tu, chumba kizima kinamwambia pole. Mimi nilikohoa wiki mbili, nikaambiwa nifungue dirisha.

Simwonei wivu. Ila nimeamua. Yeye vitufe vitatu, mimi viwili.

Jumanne, 5 Machi
Nimechagua alama ya kuuliza. Mitihani imejaa maswali, kidole changu kinaijua njia. Nashikilia Shift, nabonyeza, basi. Viwili. Nikafungua mipangilio ya njia za mkato, mahali pa kuvipa vitufe amri, nikaiandika alama pale, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa nguvu. Kimya.

Kumuuliza binamu? Bora niache kazi. Nikamfuata fundi wa kompyuta, nikamwambia nina rafiki ana shida. Fundi akasema Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, haitambui alama ile kwa umbo lake, inataka jina lake liandikwe kwa herufi, na Shift itajwe pia. Tena akaonya: huyo rafiki aongeze na Ctrl, la sivyo kitufe kitaacha kuandika alama na kubaki kutimiza amri tu. Nikahesabu. Ctrl, Shift na alama. Vitatu, sawa na binamu. Nikamshukuru fundi kwa niaba ya rafiki, na Ctrl nikaiacha nje.

Jumatano, 6 Machi
Imekubali! Nimebonyeza, kichwa kikatokea na mistari yake yote. Nikakohoa ili binamu ageuke. Akageuka. Akasema hongera kaka, na alionekana kufurahi kweli. Mnafiki.

Saa nne nikaanza mtihani wa jiografia. Nikamaliza swali la kwanza, nikaweka alama ya kuuliza. Kikatokea kichwa. Swali la pili, kichwa. Kufikia swali la sita nilikuwa na vichwa saba na mtihani mmoja.

Mtu mwingine angeiondoa ile njia ya mkato. Lakini binamu angeona. Nikabadilisha maswali. Penye kuuliza mto mrefu ni upi, nikaandika taja mto mrefu. Penye kwa nini, nikaandika toa sababu upesi. Jioni mwalimu wa jiografia akapiga simu kuuliza mbona mtihani wake unawafokea watoto. Nikamwambia ndio mtindo wa sasa.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu ushindi wangu. Akauliza kama shemeji yake, yaani binamu, naye anayo hiyo. Nikasukuma sahani pembeni.

Alhamisi, 7 Machi
Wenzangu walipokwenda kunywa chai nilibaki nyuma. Nikakaa kwenye kompyuta ya binamu, nikaipa amri alama yake ya kuuliza. Kwake haileti kichwa. Inafunga faili bila kuhifadhi. Kisha nikaenda kunywa chai, na ilikuwa tamu kuliko kawaida.

Saa nane mtoto wa binamu akashikwa na homa shuleni, binamu akaenda kumchukua. Mara Mkurugenzi akaingia na mtihani wa haraka wa sayansi. Akaniambia nikae kwa binamu, maana mashine yangu imejaa vichwa. Akasimama nyuma yangu. Nikaandika maswali tisa bila alama hata moja. Akauliza alama za kuuliza ziko wapi. Nikasema nitaziweka zote mwishoni, kwa mpigo. Akasema niweke moja, aone.

Nikaweka. Maswali tisa yakatoweka, na Mkurugenzi akatazama saa yake.

Binamu aliporudi alifungua mipangilio, akaikuta amri, akaona iliandikwa wakati wa chai. Akanitazama. Kisha akamwambia Mkurugenzi mashine ilikuwa na hitilafu ndogo, kaka hana kosa. Akachapa maswali yote tisa upya.

Hilo ndilo lililoniumiza. Angenisema, ningemchukia kwa raha zangu. Hata kwa wema ananizidi.

Ijumaa, 8 Machi
Binamu ndiye msimamizi. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, polepole. Akasimama akasema bila mimi asingekuwa pale. Ni kweli, na ndiyo inayonichoma.

Baadaye akavuta kiti mezani kwangu, akaniwekea njia ya mkato yenye Ctrl. Inafanya kazi. Alama ya kuuliza nayo imerudi. Akasema nikikwama nimuulize tu, sisi ni ndugu. Niliona aibu, aibu ya kweli, machozi yakanilenga. Nikaahidi moyoni kwamba nitampenda. Ilidumu mpaka nilipoona kiti chake kipya kina magurudumu.

Jumamosi, 9 Machi
Jumatatu binamu atakuwa mkutanoni kutwa. Ameniachia kompyuta zote sita pamoja na neno la siri, kwa sababu ananiamini. Nimewaza tangu asubuhi na kosa langu nimeliona: nilichagua kitufe chenye kazi. Tena vitufe viwili ni vingi, kinatosha kimoja. Nimeipitia kibodi ya nyumbani kitufe kwa kitufe mpaka nikakipata. Ni kile kirefu cha chini kabisa, kikubwa kuliko vyote. Nimekibonyeza mara ishirini na hakiandiki kitu chochote, kinaacha nafasi tupu tu. Jumatatu nakipa amri ya kuleta kichwa kwenye mashine zote sita. Sijui kwa nini binamu hakukifikiria.