Msumeno wa Gundi Lazima Upumzike

"Jamani, kesho tunaezuliwa!"

Aliyepiga kelele ni Redio, kinyozi wa pale kona, aliyepewa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Alikuwa ameishika simu karibu na pua, anawasomea wenzake habari: upepo mkali unakuja, kila mwenye mti ulioegemea nyumba apunguze matawi leo hii.

Macho yote kijiweni yakapanda juu. Juu ya bati la Mama Birika, muuza kahawa, lilikuwa limelala tawi la mparachichi, nene kama paja la ng'ombe.

"Likishuka hilo," akasema Mzee Breki, dereva mstaafu, "tutakunywa kahawa tukihesabu nyota."

Mama Birika akaweka birika chini. "Kibanda hiki ndicho shamba langu na ndicho mume wangu. Nani ana chenso, ule msumeno wa mnyororo?"

Gundi, fundi viatu, moyo ukamruka kama chura. Yeye mgane, Mama Birika mjane, na pale kijiweni watu wote walijua kwamba hakuna binadamu anayekunywa kahawa asubuhi, mchana na jioni kwa sababu ya kiu. Tawi hilo alikuwa amelitazama miezi na miezi. Chenso yenyewe aliinunua kwa ajili ya tawi hilohilo.

"Mimi ninayo!" akasema.

"Na mimi ninayo," ikasema sauti nyingine, nzito, kutoka mwisho wa benchi.

Alikuwa Magogo, mpasua mbao, mwenye mabega ya kupitia mlangoni kwa ubavu. Gundi akakimbia kuchukua yake kibandani kwake, Magogo akateremsha yake kwenye pikipiki. Zikawekwa juu ya meza, moja kando ya nyingine. Redio akaangua kicheko mpaka kahawa ikamtokea puani.

"Gundi, kaka, hii umeizaa wewe? Mbona haijaacha kunyonya?"

"Cheka tu. Inakata."

"Inakata nini, mkate?" Magogo akaigonga ya Gundi kwa ukucha. Ikalia ko-ko. "Plastiki! Kama ndala! Njoo ushike hii yangu. Chuma kitupu. Inaunguruma tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, haichoki. Ukiiwasha, miti ya jirani inajiinamia yenyewe."

"Magogo, acha fiksi!"

"Haki ya nani! Juzi nimeiwasha, kiti cha mbao kikatoka nje kwa miguu yake."

Benchi zima likalala kwa kicheko. Mzee Breki akapiga goti. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mgeni, nisipomvuta mkia hasemi, nikimvuta anakula msitu wala hashibi!"

"Punda!" akadakia Redio.

"Punda wa wapi huyo anayekula msitu? Chenso, wewe!"

Gundi hakucheka. Alimwona Mama Birika anaipapasa ile ya chuma. Akajitosa.

"Magogo, nikuulize. Ndala unazitukana, lakini nyumbani kwako unashinda na nini? Usiku ukibanwa, unafunga kamba za buti la jeshi ndiyo uende chooni?"

"Aaah! Kapigwa!" Redio akaruka juu ya benchi.

"Buti la kwenda porini," Gundi akaendelea, jasho linamtoka. "Nyumbani pana tawi moja kwa mwaka. Yako ukiibeba, mgongo unaomba talaka."

"Mgongo wako, siyo wangu!"

"Haya, kimya!" Mama Birika akapiga kijiko kwenye birika. Hata Redio akanyamaza, jambo ambalo lilimtisha yeye mwenyewe. "Magogo, tawi hili utalikata kwa muda gani?"

"Mama, osha kikombe kimoja. Kabla hakijakauka nimemaliza."

"Halafu?"

"Halafu nini? Naondoka zangu. Watu wa mbao wananingoja."

"Na wewe, Gundi?"

Pale Gundi angeweza kudanganya. Uongo ulimjia mpaka kwenye ulimi, akaumeza.

"Mama Birika, yangu haiwezi kwenda mfululizo. Ikipata moto lazima ipumzike. Mnyororo nao unalegea, niukaze. Itakuwa nakata kidogo, nakaa kidogo."

Kicheko kilichopigwa pale kiliwatoa kuku uvunguni. Magogo akafuta machozi kwa kofia. Gundi akaanza kuufunika msumeno wake kwa mfuko, macho chini.

"Unakaa wapi?" akauliza Mama Birika.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Wakati unapumzika. Unakaa wapi?"

"Hapa… hapa kwenye benchi."

Mama Birika akajifunga kanga upya, taratibu. "Basi anza."

Tawi lilishuka kabla ya adhuhuri, vipande kwa vipande, bati halikupata hata mkwaruzo. Magogo aliwasaidia kuvuta kamba, anatikisa kichwa, kisha akaenda kwa watu wake wa mbao. Likabaki gogo la kukatwa kuni. Gundi akikata kidogo, akikaa kidogo, na kila akikaa kikombe kinajaa, kiti cha Mama Birika kinasogea. Wakaongea habari za watoto, za miguu inayouma, za viatu vya marehemu mumewe ambavyo hakujua avifanye nini.

Jua likaegemea upande. Redio akaikaribia ile chenso, akaiwekea kiganja.

"Gundi! Hii imepoa kitambo! Ni baridi kama mtungi!"

Gundi akataka kuinuka. Mama Birika akamshika mkono wa shati.

"Wewe Redio, nani kakutuma kugusagusa vitu vya watu? Nimesema bado ni ya moto."

Mzee Breki akakohoa, akatafuta fimbo yake, akamkamata kinyozi kwenye ukosi wa shati. "Twende, mwanangu. Una kichwa cha kunyoa."

"Cha nani?"

"Changu."

"Mzee, una upara!"

"Twende hivyohivyo!"