Hotuba Kiganjani

Jumatatu, 3 Juni

Siku yangu imefika! Alhamisi ni mashindano ya hotuba ya kidato cha tatu. Chifu mwenyewe atakuwepo. Mshindi anakwenda Kumasi kuiwakilisha shule. Mama nimeshamwambia mshindi ni mimi. Najua, bado. Aliuliza habari zangu kwenye simu, nikaropoka. Sasa ametangaza kanisani. Siwezi kumwaibisha.

Mada yangu ni galamsey, hawa wachimba dhahabu haramu waliougeuza mto wetu tope. Hakuna mwingine atakayeiwaza.

Jumanne, 4 Juni

Washindani kumi na mmoja. Kumi wote galamsey! Aliyebaki ni Serwaa Dufie, atazungumzia vyoo vya shule. Vyoo, mbele ya chifu! Nilimcheka. Akaniambia, "Cheka tu, Yaw. Wewe hata shairi la darasa la pili lilikushinda."

Uongo mtupu. Lilikuwa la darasa la tatu.

Jumatano, 5 Juni

Hotuba haikai kichwani. Likiingia neno moja, yanatoka mawili. Nimekula gari, ule unga wetu wa muhogo, na pilipili ya shito ili akili ifunguke. Nimepata kiu tu.

Ndipo wazo likaja: kiganja! Hoja zote nimeziandika kwa kalamu kiganjani. Naandika kwa kulia, kwa hiyo kiganja ni cha kushoto. Bediako, jirani yangu wa kitanda, ameuliza kama nimefikiri vizuri. Nimemwambia aache wivu.

Alhamisi, 6 Juni

Sielewi. Naandika labda nitaelewa.

Nilipanda jukwaani. Kipaza sauti nikakishika kwa kulia, kama mtu mwenye malezi. Nikainua kushoto, nikasoma hoja ya kwanza kwa ukali: nani anauchafua mto wetu? Mkono ulikuwa umemwelekea chifu.

Ukumbi mzima, "Ei!" Msemaji wa chifu nusura aiangushe fimbo yake. Mkono wa kushoto, kwa chifu! Hapa kwetu hata mtoto mdogo akikupa karanga kwa kushoto anapigwa kofi. Nikaomba radhi haraka. Bahati mbaya mkono ulikuwa bado juu.

Na hoja ya pili ilikuwa palepale! Nikaomba radhi, nikasoma. Ya tatu, radhi tena. Bediako alihesabu: hoja tano, radhi kumi na nne. Anauliza kwa nini sikuhamisha kipaza sauti mkono wa pili. Halafu ningesoma nini, kiganja kitupu?

Serwaa ameshinda na vyoo vyake, bila hata karatasi. Watu walitokwa machozi. Hata mimi, ila mimi nilikuwa namfikiria mama.

Ijumaa, 7 Juni

Mwalimu Quaicoe, msimamizi wa mashindano, ameniita. Nilienda nimevaa suruali mbili.

Kumbe chifu ametuma ujumbe. Hajawahi kuona kijana akimtukana na kumheshimu kwa pumzi moja, amecheka hadi mbavu zikamuuma. Kesho, siku ya wazazi, anataka mimi ndiye nitoe shukrani mbele ya wote. Mama anakuja na kwaya nzima! Nikifanya vizuri, Kumasi ataisahau.

Mwalimu amenisihi: "Maneno matatu tu, Yaw. Mikono nyuma. Ukae." Maneno matatu yatanitosha nini?

Jumamosi, 8 Juni, asubuhi

Nimejifunza! Kosa lilikuwa kutumia kiganja cha kushoto. Leo hotuba yote, kurasa mbili nzima, iko kwenye kiganja cha kulia, mkono wa heshima. Nimeiandika kwa kushoto tangu alfajiri. Bediako anasema ni kama kuku amekanyaga wino. Wivu. Yeye atanishikia kipaza sauti, kwa hiyo hakuna kitakachoharibika.

Na ili mama aone nilivyo na adabu, nimeomba niwe mlangoni kuwalaki wageni. Watu tisini na saba, jua nalo limeanza kuwaka. Nitawapa mkono wote kabla ya kupanda jukwaani: wazee, msafara wa chifu, kwaya ya mama. Mkono wa kulia, bila shaka, na nitawabana sawasawa.