Miche ya Mama Dorine

Jumatatu, 4 Machi 1996

Mama Dorine ana wiki moja Ndanai sasa. Amekwenda kumsaidia Dorine, binti yetu, aliyejifungua mjukuu wetu wa kwanza. Mila inasema nyanya akae mpaka mzazi apate nguvu. Mila haisemi babu ale nini. Kabla ya kuondoka alipanda mbegu za kabichi kitaluni nyuma ya jiko, akaniachia maagizo mengi. Niliyasikiliza kwa sikio moja. Lile la pili lilikuwa linasikiliza kama gari limefika.

Jana mbegu zilichipuka. Furaha! Mara mpango ukanijia. Nitakuza miche mizuri kuliko yote hapa Sotik, na sifa zake zitafika Ndanai. Mama Dorine hawezi kumwachia mwanamume kazi ya kuhamishia miche yake shambani. Atakuja mbio. Akishafika, atabaki.

Na mimi si mgeni wa miche. Miaka tisa nimekuza miche ya chai. Chai unaifunika kwa nailoni, unaziba pande zote kwa udongo, hewa isiingie wala isitoke, miezi mitatu. Chai yenyewe inakubali, sembuse kabichi? Nimeziba.

Alhamisi, 7 Machi

Bethwel, jirani yangu, amesimama kwenye ua akauliza tumemzika nani. Nikamwambia hiyo ni elimu. Akasema kabichi si chai, inataka upepo. Huyu ambaye chai yake mwenyewe imemezwa na magugu! Sikumjibu. Yaani nilimjibu, lakini kwa ufupi.

Nailoni imejaa matone kwa ndani. Hata hivyo nimefunua kona nikamwaga debe moja la ziada, kwa upendo tu.

Jioni nimepika ugali, nusu ukabaki. Kila siku nusu inabaki. Mkono wangu haujazoea kupikia mtu mmoja.

Jumatatu, 11 Machi

Msiba! Nimefunua nailoni na miche yote imelala. Majani bado ni ya kijani, lakini shingoni, pale shina linapotoka udongoni, imekuwa myeusi na myembamba kama uzi. Ukiushika mmoja, unakatika. Udongo umeota ukungu mweupe na unanuka soksi.

Nimemshuku Bethwel. Halafu nikakumbuka nilivyoziba. Hata wivu usingepenya.

Jumanne, 12 Machi

Mpango mpya. Nimenunua miche sokoni kwa Nyambeki, mama wa Kisii anayeuza mboga. Nikiipanda palepale, Mama Dorine hatajua. Nyambeki akasema nisipande mpaka jua lipoe, na mbolea ya chai niiweke mbali kabisa. Nikamwambia asante, mama.

Nimepanda saa saba mchana, kwa sababu saa hiyo Bethwel huwa amelala. Kila mche ukapata konzi yake ya mbolea ya chai. Mtoto hanyimwi chakula.

Ijumaa, 15 Machi

Mingine imekaushwa na jua. Mingine imechomwa na mbolea, majani yamekuwa kama karatasi iliyopita motoni. Iliyopona yote hayo ni mitatu, nayo imekatwa na viwavi wa udongoni, pale chini kabisa, ikaachwa imelala. Hata hawakuila! Wamekata tu.

Nimetuma salamu kwa mama mchungaji, mke wa mchungaji wetu, ambaye huenda Ndanai mara kwa mara kwa ushirika wa akina mama. Nimesema amwambie Mama Dorine kwamba miche inaendelea. Si uongo. Ilikuwa inaendelea kufa.

Sikusema kwamba nyumba imekuwa kubwa. Jambo kama hilo humtumi mama mchungaji.

Jumanne, 19 Machi

Amekuja! Bila taarifa, na kikapu kichwani. Kumbe mama mchungaji alimwambia amenikuta nimechuchumaa kitaluni nikiongea na udongo.

Nilitarajia kugombezwa. Hakunigombeza. Nilipomweleza yote, aliokota mche mmoja mkavu wa kitalu cha kwanza, akautazama shingo, akasema ile ya kwanza niliizamisha halafu nikainyima pumzi. Akauliza kama mimi mwenyewe ningependa kufungiwa ndani ya nailoni. Nikasema tangu aondoke ni kama nimefungiwa. Akaenda kusugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nilichokuwa nimekiharibu.

Alhamisi, 21 Machi

Siku mbili nzuri. Tumetengeneza kitalu kipya penye mteremko, maji yasisimame. Alipanda mbegu kwa mistari iliyoachana, ili upepo upite katikati. Juu tumeweka kivuli cha nyasi kwenye vijiti, nami niwe nakipunguza kidogo kidogo ili miche izoee jua. Maji ni asubuhi, machache. Mbolea ya chai ibaki kwenye chai. Viwavi aliwafukua kwa kidole akawatupia kuku. Kazi yangu ilikuwa kushika vijiti, na niliishika vizuri.

Jana ugali uliisha wote. Alinicheka kuhusu lile debe la upendo mpaka akapangusa machozi kwa leso, nami nikacheka.

Leo asubuhi ameondoka. Mtoto anamngoja. Nimemsindikiza hadi barabarani, nikarudi polepole maana sikuwa na haraka ya kufika.

Jumanne, 16 Aprili

Miche imesimama! Shingo nene, majani manne manne. Bethwel mwenyewe amekuja, kofia mkononi, kuomba michache. Ushindi huu nimeungoja miaka mingi. Nimempa, akashukuru, akaenda. Nikabaki nimesimama pale na ushindi wangu, na hakuna wa kumsimulia.

Jumapili, 21 Aprili

Baada ya ibada mama mchungaji ameniletea salamu. Mama Dorine amesikia miche inapendeza, amefurahi sana. Anasema roho yake imetulia, kwa kuwa sasa najua kazi. Niihamishe mwenyewe mvua ikikaza. Yeye atabaki Ndanai mpaka mtoto atembee.

Atembee! Mtoto mwenyewe bado hajui kama ana miguu!

Sijala mchana. Nimekaa nikafikiri. Miche ilipokufa, alikuja. Ilipopona, amebaki huko. Hata mjinga angeona.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama mchungaji anakwenda Ndanai kesho na amesema atapitia hapa kuchukua salamu. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kumtuma na uongo. Kwa hiyo ukweli lazima utayarishwe leo.

Nimemfungua ndama nikamwingiza kitaluni. Akanusa miche, akanitazama, akaenda zake kwenye nyasi. Nikamrudisha. Nikamshika kamba, nikambembeleza, nikamwambia ni tamu. Akala mstari wa kwanza, akaacha. Ikabidi nimwonyeshe wa pili.